Nusu Mbili za Njia Nyeupe

Barabara ya Kisumu kwenda Busia inapofika Maseno huvuka ikweta. Pana kibao kinachouonyesha mstari huo, na kwa anayepima anga mstari huo una maana ambayo kibao hakina nafasi ya kuieleza. Anayesimama juu yake ana ncha ya kaskazini ya anga kwenye upeo wa macho upande mmoja, na ncha ya kusini kwenye upeo wa upande wa pili. Kila nyota huchomoza wima, hukaa juu kwa saa kumi na mbili, kisha huzama wima. Hakuna iliyofichika daima. Mtu wa London hawezi kuyaona Mawingu ya Magellan akiwa kwao, hata aishi miaka mia. Mtu wa Cape Town huiona galaksi ya Andromeda imeinama karibu kugusa ardhi. Maseno huziona zote: Andromeda hupanda nyuzi 49 juu ya upeo wa kaskazini, na Wingu Kubwa la Magellan hufika nyuzi 20 juu ya upeo wa kusini.

Historia ninayoisimulia ni ya kazi moja ya astronomia ya redio: kupima maumbo ya galaksi, na hasa kupima jinsi zilivyokwenda kombo. Galaksi chache sana zina pande mbili zinazofanana kabisa. Moja imevimba kushoto, nyingine gesi yake imeburutwa upande mmoja, nyingine ina mkia. Ukombo huo ndio unaotueleza galaksi ilipitia nini. Lakini anayetaka kupima kutolingana kwa pande mbili sharti kwanza azione pande zote mbili kwa kipimo kimoja, na hapo ndipo kazi hii iliposumbuka kwa miaka mingi. Kila aliyetazama aliona nusu.

Tuanze mwaka 1928. Edward Carey Francis, mtaalamu wa hisabati, aliacha kazi ya kufundisha katika chuo cha Peterhouse, Cambridge, akaja Maseno kuiongoza shule iliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1906. Alikaa hadi 1940, alipohamia shule ya Alliance. Mwanafunzi mmoja aliyepita mikononi mwake ni Jaramogi Oginga Odinga. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1932, mhandisi kijana wa kampuni ya simu ya Bell huko New Jersey, Karl Jansky, alikuwa akitafuta chanzo cha mngurumo uliosumbua simu za kuvuka bahari. Aligundua kwamba sehemu moja ya mngurumo huo hurudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Huo ni mzunguko wa nyota, si wa jua. Mngurumo ulitoka katikati ya Njia Nyeupe, galaksi yetu wenyewe. Hivyo hisabati nzuri ilikuwa imeshafika Maseno wakati mlango wa anga la redio ulipofunguliwa. Vifaa ndivyo vilivyokuwa mbali.

Mlango ulifunguliwa zaidi wakati wa vita. Mwaka 1944, Uholanzi ikiwa bado chini ya jeshi la Ujerumani, Hendrik van de Hulst alipewa na mwanaastronomia Jan Oort swali: je, kuna wimbi la redio lenye urefu mahususi linaloweza kutoka kwenye gesi iliyo kati ya nyota? Van de Hulst alipiga hesabu akajibu kwamba atomu ya haidrojeni, elektroni yake inapogeuza mwelekeo wa kuzunguka kwake, hutoa wimbi la sentimita 21. Atomu moja hufanya hivyo kwa wastani mara moja katika miaka takriban milioni 11. Ila haidrojeni ni nyingi mno angani, na mnong'ono wa atomu zote hizo unapokusanyika husikika.

Ulisikika kwanza Harvard, tarehe 25 Machi 1951. Harold Ewen na Edward Purcell walikuwa wametengeneza pembe kubwa ya mbao za plaiwudi iliyotandikwa shaba ndani, wakaitoa dirishani kwenye maabara yao. Msaada wa fedha waliopata ulikuwa dola 500. Mvua ilipokuwa kubwa, pembe ile iliingiza maji chumbani. Wiki chache baadaye Waholanzi nao walilipata wimbi hilo pale Kootwijk, kwa sahani ya rada ya mita 7.5 iliyoachwa na Wajerumani. Wangeweza kutangulia, lakini mtambo wao wa kwanza wa kupokea mawimbi uliteketea kwa moto mwaka 1950.

Wimbi la sentimita 21 lina sifa mbili ambazo watu wa kandokando ya Ziwa Victoria wangezithamini mara moja. Ya kwanza ni kwamba mawingu hayalizuii. Bonde la ziwa hili ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Alasiri hujengeka mawingu mazito juu ya vilima vya Maseno na Nandi, na mwenye darubini ya vioo hupoteza usiku mwingi akingoja. Redio hupenya. Sifa ya pili ni kwamba wimbi hili hubeba mwendo. Gesi inayotujia hufupisha wimbi, inayotukimbia hulirefusha, na kwa hiyo kipimo kimoja hukupa mahali gesi ilipo na kasi inayokwenda nayo. Kwa njia hiyo unaweza kuichora galaksi yetu ukiwa ndani yake.

Ndivyo walivyofanya. Waholanzi, Oort na Gart Westerhout wakiwa mbele, walipima kutoka Kootwijk kila walichoweza kukiona. Sehemu ya kusini ya Njia Nyeupe hawakuiona, kwa kuwa Uholanzi iko juu mno kaskazini. Sehemu hiyo ilipimwa Sydney, Australia, na kundi la Frank Kerr kwa sahani ya mita 11 iliyokuwa Potts Hill. Mwaka 1958 Oort, Kerr na Westerhout waliziunganisha nusu hizo mbili na kuchapisha ramani ya kwanza ya mikono ya galaksi yetu kama inavyoonekana kwa haidrojeni. Imechapishwa mara nyingi tangu hapo, na anayeitazama huona jambo moja haraka: nusu ya Kiholanzi na nusu ya Kiaustralia hazikutani vizuri. Mkono unaotoka upande huu hauangukii mahali unapotarajiwa upande wa pili.

Sasa, ni nani wa kulaumiwa, galaksi au mshono? Swali hili lilikuwa zito. Sahani mbili zilikuwa na ukubwa tofauti, mitambo tofauti ya kupokea, na njia tofauti za kusawazisha vipimo. Kosa dogo la upande mmoja lingejifanya kuwa sura ya kweli ya Njia Nyeupe. Kerr hakulikwepa. Mwaka 1957 yeye na Bernard Burke wa Marekani, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba ukingo wa diski ya gesi umepinda: upande mmoja unapanda juu ya usawa wa galaksi, upande wa pili unashuka. Na upande wa kaskazini hupanda zaidi kuliko wa kusini unavyoshuka. Huo ulikuwa ukombo halisi. Mwaka 1962 Kerr alirudi kwenye tofauti ya kasi kati ya pande mbili akapendekeza kwamba labda gesi iliyo jirani na jua letu inasogea kwenda nje kwa kilomita 7 kwa sekunde. Kwa pendekezo hilo mikondo miwili ya kasi ilikaribiana. Lakini wengine waliona afadhali kukiri kwamba galaksi yenyewe hailingani. Miongo iliyofuata imeonyesha kwamba wote walikuwa wakigusa kitu cha kweli, kwa kuwa Njia Nyeupe imepinda, imevimba zaidi upande mmoja, na ina mhimili wa nyota katikati unaovuruga mwendo wa gesi.

Kinachonivuta katika kisa hiki ni jiografia yake. Usawa wa Njia Nyeupe angani hufika takriban nyuzi 63 kaskazini na nyuzi 63 kusini. Darubini moja kwenye ikweta, iwe Maseno, Nanyuki au Mbandaka, ingeuzungukia wote bila kuhama, kwa mtambo mmoja na kelele ileile, wala sehemu yoyote, ifikapo kilele chake, isingekuwa chini ya nyuzi 27 kutoka upeo wa macho. Lakini katika miaka ya 1950 Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, na hakuna aliyekuwa akileta darubini ya redio Nyanza.

Wakati ramani hiyo ikishonwa, wengine walikuwa wakitazama galaksi za mbali zinazonguruma peke yake. Mwaka 1953, Jodrell Bank nchini Uingereza, Roger Jennison na Mrinal Das Gupta, huyu wa pili akiwa mwanasayansi kutoka India, walipima chanzo kikali kiitwacho Cygnus A. Walitarajia kiini kimoja. Walipata mawingu mawili ya redio, moja huku, moja kule, na galaksi yenyewe katikati imenyamaza. Ilichukua miaka mingi kueleweka kwamba kiini cha galaksi ya namna hiyo kina shimo jeusi linalorusha mikondo miwili ya chembe kwa kasi kubwa kuelekea pande mbili zinazopingana.

Kama mikondo ni miwili na hutoka kwenye shina moja, mtu angetegemea ilingane. Mwaka 1968, Cambridge, Martin Ryle na mwenzake Windram walipima galaksi za kundi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 240. Mojawapo, NGC 1265, ilikuwa na kichwa na mkia mrefu. Mikondo yake yote miwili ilikuwa imepindishwa upande mmoja, kama moshi wa mafundi wa kukausha samaki pale Dunga upepo wa alasiri unapoingia kutoka ziwani. Maelezo yaliyoandikwa mwaka 1972 na George Miley na wenzake, waliotumia darubini mpya ya Westerbork, yalikuwa kwamba galaksi hiyo inakimbia ndani ya kundi lake kwa zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde, na mikondo inasukumwa nyuma na kitu inachokipasua.

Kitu gani? Kwa darubini za kawaida kati ya galaksi hapakuonekana chochote. Jibu lilitoka Kenya, na hapa nasimama kidogo, kwa maana Wakenya wengi wamesikia jina bila kisa chake.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, roketi na setilaiti vya Wamarekani. Setilaiti ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kutazama anga kwa eksirei. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa upande wa NASA, alipendekeza iitwe Uhuru kwa heshima ya nchi iliyowapokea na siku yenyewe. Mkuu wa kisayansi alikuwa Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel.

Malindi haikuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe zake. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia. Muhimu zaidi kwa kisa chetu, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu ya Atlantiki ya Kusini ambako chembe za mionzi hushuka chini na kujaza vyombo kelele. Uhuru ilijizungusha polepole, mara moja katika dakika 12, ikifagia anga. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na katalogi yake ya mwisho ina vyanzo 339. Miongoni mwa vyanzo hivyo yalikuwemo makundi ya galaksi: Virgo, Coma, Perseus. Eksirei hazikutoka kwenye galaksi moja moja. Zilitoka kwenye kundi zima, zimeenea, kama zinavyotoka kwenye gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi.

Huo ndio upepo uliopinda mikia ya NGC 1265. Mawimbi ya redio yalionyesha umbo lililopotoka. Chombo kilichoruka kutoka pwani ya Kenya kilionyesha kilicholipotosha. Nimesoma vitabu vingi vya shule vinavyoitaja Uhuru kwa mstari mmoja tu, jina na tarehe. Inastahili zaidi ya hapo. Bila gesi ile ya moto, maumbo ya galaksi za redio katika makundi yangebaki bila mzazi.

Mwaka huohuo wa 1970 kituo cha setilaiti cha Longonot kilianza kazi katika Bonde la Ufa. Sahani yake kubwa, yenye kipenyo cha takriban mita 30, ilijengwa kwa ajili ya simu na televisheni, ikaiunganisha Nairobi na dunia. Hakuna aliyeifikiria kuwa darubini. Tutarudi kwake.

Mwaka 1974 kijana wa Afrika Kusini, Bernard Fanaroff, alikuwa akimaliza shahada ya uzamivu Cambridge. Pamoja na Julia Riley alichukua galaksi za redio zilizopimwa vizuri na kuuliza swali rahisi: madoa angavu zaidi yako karibu na kiini, au yako mwishoni mwa mawingu? Walipima umbali kati ya madoa mawili angavu, wakaugawa kwa urefu wote wa chanzo. Jibu likiwa chini ya nusu, galaksi iliwekwa daraja la kwanza. Likiwa juu ya nusu, daraja la pili. Hapo likajitokeza jambo ambalo hawakuliingiza wenyewe: galaksi dhaifu karibu zote zilianguka daraja la kwanza, zenye nguvu daraja la pili. Nguvu ya mkondo huamua umbo. Mkondo mkali hufika mbali bila kuvunjika na kugonga gesi ya nje. Ulio dhaifu huchoka mapema na kutawanyika. Makala yao ni mafupi sana, na bado kila mwanafunzi wa astronomia ya redio hujifunza madaraja hayo kwa majina yao mawili.

Fanaroff alirudi nyumbani wakati wa ubaguzi wa rangi na kuiacha astronomia. Akawa mpangaji wa vyama vya wafanyakazi wa chuma, akaendelea hivyo kwa miaka mingi, kisha akaingia katika serikali ya Nelson Mandela. Mwaka 2003 aliombwa kuongoza jaribio la Afrika Kusini la kuupata mradi mkubwa kuliko yote ya astronomia ya redio, SKA. Alikubali. Nadhani miaka yake na wafanyakazi ilimfaa kuliko shahada yake, kwa sababu kazi ya kwanza ilikuwa kuzishawishi serikali za Afrika kwamba jambo hili ni lao. Nchi nane zilijiunga na Afrika Kusini: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Julai 2010 wakuu wa Umoja wa Afrika waliokutana Kampala waliunga mkono ombi hilo. Tarehe 25 Mei 2012 uamuzi ukatolewa: mradi ugawanywe kati ya Afrika na Australia. Nusu mbili tena, lakini safari hii Afrika ilikuwa na yake.

Kabla hatujafika huko, kuna upande mwingine wa hesabu niliouruka. Mwaka 1980 J. E. Baldwin, Donald Lynden-Bell na Renzo Sancisi walichapisha makala kuhusu galaksi zilizo kombo. Walionyesha kwamba katika galaksi nyingi za kawaida, M101 ikiwemo, gesi imeenea mbali zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Swali lao lilikuwa gumu. Galaksi inazunguka, na sehemu za ndani huzunguka upesi kuliko za nje. Baada ya mizunguko michache, uvimbe wa upande mmoja ungepaswa kuviringika na kupotea. Mbona haupotei? Ama unafanywa upya mara kwa mara, ama umbo lenyewe lina njia ya kujidumisha kwa mabilioni ya miaka. Mwaka 1994 Otto-Georg Richter na Sancisi walipitia vipimo vya galaksi zipatazo 1,700 wakakuta kwamba angalau nusu haziko sawa pande zote mbili. Mwaka 2011 Daniel Espada na wenzake nchini Hispania walichagua galaksi zilizotengwa, zisizo na jirani wa karibu, wakakuta ukombo wake uko chini kuliko wa kundi lolote lililopimwa kabla. Majirani wana mkono wao, basi. Lakini hata waliotengwa hawalingani kabisa, na hilo halijaisha kujadiliwa.

Ukombo hupimwaje? Kwa sahani moja kubwa isiyoweza kuchora picha, unapata mchoro wa nguvu ya wimbi dhidi ya kasi. Galaksi inayozunguka huchora pembe mbili: moja ya upande unaotujia, nyingine ya upande unaotukimbia. Unatafuta kasi ya kati, unajumlisha gesi ya kushoto na ya kulia, kisha unagawa moja kwa nyingine. Ukipata moja kamili, pande zinalingana. Kwa darubini za sahani nyingi, zinazochora picha, njia ni nyingine: izungushe picha nyuzi 180 juu ya kiini chake, toa picha moja kutoka kwa nyingine, jumlisha tofauti zote bila kujali kama ni hasi au chanya, kisha gawa kwa mwanga wote.

Njia hiyo inaonekana nyepesi, na hatari yake iko hapohapo. Kwa kuwa kila tofauti huhesabiwa kuwa chanya, kelele za mtambo hazifutani, hujikusanya. Galaksi dhaifu, yenye kelele nyingi, itaonekana kombo hata kama ni linganifu. Galaksi ya mbali sana nayo itaonekana laini na sawa, kwa kuwa darubini imeshindwa kuona mikunjo yake. Galaksi iliyolala ubavu huficha ukombo ulio mbele na nyuma. Ukikosea kiini kwa nukta chache, umeubuni ukombo mwenyewe. Kwa hiyo anayesema galaksi za kundi fulani zimepotoka kuliko nyingine ana wajibu wa kwanza wa kutengeneza galaksi za bandia kwenye kompyuta, kuzitia kelele, kuzisogeza mbali, na kuona kipimo chake kinamdanganya kiasi gani. Kazi hiyo ni ya takwimu tupu. Hata fahirisi ya Gini, ambayo Wakenya huisikia katika mijadala ya nani ana mali na nani hana, hutumika siku hizi kupima kama mwanga wa galaksi umeshikwa na sehemu chache au umegawanyika.

Na takwimu ni kitu kinachopatikana Maseno. Chuo Kikuu cha Maseno kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kwa kuunganisha chuo cha ualimu cha Siriba na chuo cha mafunzo ya serikali. Kutoka hapo ilichipuka taasisi ya African Maths Initiative, na tangu 2011 pamefanyika kambi za hisabati ambako wanafunzi wa sekondari huchezea data na programu za kompyuta badala ya kukariri kanuni. Taasisi hiyo ndiyo iliyosimamia pia programu ya takwimu ya R-Instat, iliyoanza kwa mchango wa watu wengi mwaka 2015. Haikutengenezwa kwa ajili ya galaksi. Imetumika sana kwa mvua na kilimo. Lakini anayejua kutenganisha badiliko la kweli la mvua na kelele ya vipimo vya kituo cha hali ya hewa ana nusu ya ujuzi unaotakiwa.

Nusu ya pili ni ya astronomia yenyewe, na hapo kanda yetu imeanza kujijenga. Addis Ababa, Mirjana Pović, mtaalamu wa maumbo ya galaksi, alijenga idara ya utafiti na kuwafunza wanafunzi wa Ethiopia, Rwanda na nchi jirani kuainisha galaksi na kupima jinsi umbali na ubora wa picha unavyobadili vipimo hivyo. Kenya, mradi wa mafunzo uitwao DARA, ulioongozwa na Melvin Hoare wa Chuo Kikuu cha Leeds, uliwapa wahitimu wa fizikia na uhandisi mafunzo ya redio na nafasi ya kutumia darubini ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini.

Hartebeesthoek inaturudisha Longonot. Ili kuona umbo la kiini cha galaksi ya redio kwa undani, sahani zilizo mbali huunganishwa zikafanya kazi kama darubini moja yenye upana wa bara. Ubora wa picha hutegemea umbali ulio kati ya kila sahani mbili. Ulaya ina nyingi, Hartebeesthoek iko peke yake kusini, na katikati yake kuna pengo la maelfu ya kilomita lisilo na sahani. Pengo hilo huacha tundu katika picha, na tundu hubuni maumbo ambayo hayapo. Vyanzo vilivyo juu ya ikweta ya anga ndivyo vinavyoumia zaidi, maana sahani zilizopangwa mashariki hadi magharibi haziwezi kuvipima vizuri kutoka kaskazini hadi kusini. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, sahani kubwa za simu kote Afrika zilipoteza kazi yake, na hapo likazaliwa wazo la kuzigeuza ziwe darubini. Ghana ilitangulia: sahani ya Kuntunse, karibu na Accra, ilizinduliwa Agosti 2017. Longonot ilikuwa kwenye mpango huohuo. Mahali pake, karibu kabisa na ikweta, ndipo penye pengo.

Huko Karoo, Afrika Kusini, darubini ya MeerKAT yenye sahani 64 ilizinduliwa Julai 2018. Inaendelea kuunganishwa ndani ya SKA, ambayo upande wa Afrika Kusini imepangwa kuwa na sahani 197. Mwaka 2020 MeerKAT ilichora PKS 2014-55, galaksi ya redio yenye umbo la herufi X ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa alama ya shimo jeusi lililogeuzwa mwelekeo. Picha ilionyesha gesi ikirudi kutoka mwisho wa mikondo na kuchepuka ilipogonga galaksi. Data kama hizo huwekwa wazi baada ya muda, na mwanafunzi aliye Maseno mwenye intaneti ya kutegemewa anaweza kuzipakua.

Kuna pia kazi ndogo zaidi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Pembe ya plaiwudi na karatasi ya alumini, yenye upana wa mita moja hivi, pamoja na kipokezi cha kompyuta cha bei nafuu, hupokea wimbi la sentimita 21 kutoka Njia Nyeupe. Shule katika nchi nyingi zimeshafanya hivyo. Masafa kati ya megahezi 1400 na 1427 yamelindwa kimataifa, hayaruhusiwi kwa simu wala redio. Pembe ya ukubwa huo haioni undani, lakini Maseno ingeona pande zote. Mawimbi haya hayangoji giza, kwa hiyo ndani ya usiku na mchana mmoja duara zima la Njia Nyeupe hupita juu, Kasiopea kaskazini na Msalaba wa Kusini upande wa pili, na mtambo haubadilishwi. Jua pekee ndilo la kukwepwa. Vipimo vikishakusanywa, kasi za kaskazini huwekwa mezani pamoja na za kusini, na tofauti inayobaki kulinganishwa na zile kilomita 7 za Frank Kerr.